Anisia na Nyuki wa Kanisa la Rukoma

Kabla Anisia hajaliona kanisa la Rukoma kwa macho, alikuwa ameshalijua kwa masikio. Alizaliwa Ulyankulu, huko Tabora, kwenye makazi ya Warundi waliokimbia mwaka wa sabini na mbili. Wenzake walipolelewa kwa hadithi za migomba iliyoachwa na ng'ombe walioporwa, yeye alilelewa kwa hadithi za matofali, maana mama yake, Kasilda, akianza kuzungumzia nyumbani alianzia kanisani na kuishia huko huko.

"Udongo ulichimbwa bondeni," Kasilda alikuwa akisema huku anapeta maharage, "ukakanyagwa kwa miguu mpaka ukalainika kama ugali. Ukatiwa kwenye kalibu, ukaanikwa, ukachomwa. Sisi watoto wa mafundisho, kila tukipanda kilima, tofali kichwani. Huna tofali, hufundishwi. Komunyo yangu ya kwanza niliilipia kwa shingo hii."

Tena alisimulia jinsi mbuzi walivyoyakanyaga matofali mabichi, bruda Mzungu aliyesimamia kazi akafoka mpaka akawa mwekundu kama udongo wenyewe, halafu akacheka na kuamuru yachomwe hivyo hivyo. "Kwa hiyo kanisa letu lina kwato." Alisimulia mnara uliogusa mawingu. Na alisimulia jua: asubuhi, wakati wa misa, jua lilikuwa likiingia nyuma ya padri, juu ya altare, mpaka kichwa chake kikawaka, na watoto wakaamini kwamba ndivyo mapadri walivyoumbwa.

Anisia aliyasikiliza hayo akiwa mtoto wa kanisa la udongo na nyasi, ambalo kengele yake ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini na kugongwa kwa nondo. Kasilda alifia huko huko Ulyankulu na kuzikwa pembeni ya mashamba ya tumbaku. Mwaka wa elfu mbili na tisa, milango ya kurudi ilipofunguliwa, Anisia na mumewe Egidius walifunga virago, wakawachukua watoto, wakarudi Burundi, kwenye kilima cha Rukoma huko Itaba, mkoa wa Gitega.

Siku ya kwanza walipopanda kilima, Anisia alitafuta huku na huku.

"Kanisa liko wapi?"

"Si hilo hapo," Egidius akamwonyesha.

Lilikuwa jengo fupi la matofali mekundu, mabati yake yameshika kutu, na mnara wake mnene ulionekana kama mtu aliyevuta shingo ndani kwa sababu ya baridi. Mikaratusi iliyouzunguka iliupita kwa urefu. Anisia aliangua kicheko mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Alicheka, kisha machozi yakamtoka, kwa kuwa aliyestahili kutaniwa kwa uongo ule hakuwepo tena. Alipopata nguvu ya kusimama alilizunguka jengo polepole, na karibu na mlango wa sakristia, chini kabisa, akaziona: kwato za mbuzi, ndogo, mbili mbili, zimezama ndani ya matofali. Akaingiza vidole vyake humo, akavituliza.

Juu ya altare, hata hivyo, palikuwa na ukuta mtupu uliopakwa chokaa. Hakukuwa na dirisha. Anisia hakumuuliza mtu yeyote. Aliona haya kumwanika mama yake mbele ya majirani wapya kuwa alikuwa mwongo.

Kurudi hakukuwa rahisi. Shamba la baba mkwe lilikuwa limekaliwa na ndugu, na baada ya maneno mengi mbele ya wazee waligawana, kila upande ukinung'unika. Kirundi cha Anisia kilikuwa na lafudhi ya kule, na akikasirika au akifurahi sana Kiswahili kilimponyoka. Kilimani wakamwita Mtanzania. Jumapili ya kwanza alipoingia kanisani alikaa kwenye benchi la tatu, upande wa wanawake. Mama mmoja mwembamba mwenye sauti nzito, Imelda, kiongozi wa waimbaji wa korali, akamwinamia.

"Mama, hapa pana wenyewe."

Akahamia benchi la nyuma yake. Napo palikuwa na wenyewe. Akaisikiliza misa akiwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni.

Jumamosi iliyofuata alikuja na ufagio. Hakuna aliyemtuma. Alifagia kuanzia altare mpaka kizingiti, akatandaza maji, akapiga deki sakafu ile ya saruji nyekundu mpaka ikaonyesha uso wake. Jumamosi nyingine akaja tena. Alikuwa ameng'amua jambo moja: mtu anayefagia haulizwi amekaa mahali pa nani.

Ndivyo alivyolijua kanisa la Rukoma, kwa magoti. Alijua ni wapi sakafu ilibonyea kwa vizazi vya watu waliopiga magoti kungojea komunyo. Alijua kwamba kuta zilijengwa kwa matope na si kwa saruji, na kwamba dari lilikuwa la mikeka ya mafunjo, hivyo mvua ikinyesha kanisa zima hunuka kama bonde. Alizipenda picha za Njia ya Msalaba zilizoletwa na wamisionari kutoka Ulaya, lakini aliyoipenda kupita zote ni ile ya tano. Ya asili iliharibiwa na mvua, na katekista Elikana, ambaye sasa ni mzee anayetembea kwa mkongojo, alichora nyingine juu ya ubao. Simoni wa Kirene wa Elikana amevaa gambuti. Padri fulani aliwahi kumuuliza sababu, Elikana akajibu kwamba hajawahi kumwona mtu akibeba mzigo mzito wenye misumari bila gambuti. Picha ikabaki.

Nyuki walikuja kimya kimya. Miaka mitatu walikuwa wakiingia na kutoka kwenye ufa mdogo wa lipu iliyofunika ukuta kwa nje, juu, nyuma ya altare, na hapakuwa na ugomvi. Anisia alizoea mvumo wao anapofuta vumbi. Ulikuwa kama bibi anayesali rozari chumba cha pili. Ugomvi ulianza mwaka jana, Jumamosi moja ya Februari, kwenye harusi. Fredi, kijana wa korali ya vijana, alikuwa amekodi spika mpya, akaiegemeza kwenye ukuta ule ule. Ngoma ya kwanza ilipolia, ukuta ukatetemeka. Ya pili ilipolia, nyuki wakatoka kuuliza.

Padri Gervasi alichomwa kwenye kope katikati ya mahubiri juu ya uvumilivu. Bwana harusi aliruka dirishani, kiatu kimoja kikabaki ndani. Wazee wakasahau mikongojo, watoto wakasahauliwa na kukumbukwa tena nje. Aliyesalimika bila hata mwiba mmoja alikuwa bibi harusi, kwa sababu aliteremsha shela lake usoni na kusimama kama nguzo mpaka wote walipokwisha kutoka, kisha akatoka kwa hatua za harusi.

Jumapili misa ilisomewa nje, na baadaye padri akaitisha kikao majanini. Kope yake ilikuwa imevimba kama embe.

"Petroli," akasema Fredi. "Tunapanda ngazi jioni, tunamwaga, tunawasha. Saa moja tu tumemaliza."

Wengi wakaitikia. Anisia, aliyekuwa hajawahi kufungua mdomo kikaoni tangu aje Rukoma, alisikia moyo wake ukigonga kama ile rimu ya Ulyankulu. Akainuka.

"Padri, dari ni la mafunjo," alisema. "Mkiwasha moto pale mtachoma nyuki, mtachoma dari, halafu kesho mtaanza tena kubeba matofali kichwani. Na tena…" Hapo Kiswahili kikamponyoka. "Na tena kule Tabora nyuki hawachomwi. Wanahamishwa."

Waliokielewa wakacheka na kuwatafsiria wengine. Imelda akamgeukia. "Mtanzania wetu anatetea nyuki! Na wewe una dawa gani?"

"Sina dawa. Nina mdomo wa kuulizia."

Padri Gervasi aliligusa jicho lake. Alikuwa mtu mpole, na pengine ndani ya nafsi yake alikuwa anaogopa moto kuliko nyuki. "Nenda kaulize, mama," akasema. "Lakini Kwaresima ikifika katikati na bado tunasali kwenye mvua, nitamsikiliza Fredi."

Kesho yake Anisia alimfuata Egidius mjini Gitega. Egidius alikuwa na kawaida ya kupeleka maharage mtaa wa Magarama, kwenye duka la Latifa, mwanamke wa Kiislamu mzaliwa wa Muyinga aliyeuza vyombo na nafaka. Anisia alilipenda duka lile kwa sababu moja: humo Kiswahili hakikuwa kosa. Alipomaliza kusimulia, Latifa alikuwa ameshika mbavu kwa kumcheka bwana harusi.

"Mama Anisia, we unahangaika bure. Kaka yangu Twaha iko Muyinga, iko na mizinga karibu na mto Ruvubu. Nyuki kwake ni kama kuku!" Akapiga simu papo hapo, kwa sauti ambayo ingefika Muyinga hata bila simu.

Twaha alifika katikati ya juma. Alishuka kwenye pikipiki akiwa na mzinga mtupu wa mbao uliofungwa nyuma, kopo la kufukizia moshi, na mfuko wa nguo. Alikuwa mwanamume wa makamo, mfupi, ndevu zake zimeanza mvi. Mbele ya mlango wa kanisa alisimama, akavua viatu.

"Baba, hapa tunaingia na viatu," Anisia akamwambia.

"Bon, nyinyi mnaingia na viatu. Mi nyumba ya Mungu naingia bila viatu." Akatazama ndani. "Na sakafu yenyewe iko namna hii inang'aa, nikanyage namna gani? Nani anasafisha hapa?"

"Ni mimi."

"Eh, mama. Mungu akuone."

Miaka yote ile, hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno juu ya sakafu. Anisia alijifanya anafunga kitambaa upya.

Twaha alikwenda moja kwa moja nyuma ya altare, akaegesha sikio ukutani kama daktari anayesikiliza kifua. Akagonga kwa kidole, akasogea, akagonga tena.

"Sikia. Huku inaita ngo. Huku inaita bu. Hii ukuta iko na tumbo. Mtu alifunga kitu hapa."

Anisia akakwangua chokaa kwa kisu cha jikoni. Matofali ya hapo yalikuwa meupe-meupe na yameshikwa kwa saruji, si matope. Alisimama akiyatazama, kisu mkononi, akiliwaza lile jua la mama yake.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeingia, na Kwaresima nayo, zikafuatana kama mapacha. Twaha alifunga, Anisia alifunga, na Egidius alidai kwamba naye amefunga ingawa alionekana akitafuna ndizi nyuma ya nyumba. Mgeni alilala kwao. Jua lilipozama Anisia alimwekea uji wa mtama wa moto, kisha ugali wa muhogo, maharage na mboga ya lengalenga. Wakikaa kwenye mikeka walizungumza Kiswahili, yeye cha Tabora, Twaha cha Muyinga, kila mmoja akikisahihisha cha mwenzake, na nyumba nzima ikijaa kicheko. Egidius alisema baadaye kwamba hakuwa amemsikia mkewe akiongea namna ile tangu walipovuka mpaka.

Padri Gervasi alitoa ruhusa ya kufungua ukuta, kwa sharti kwamba kila kitakachotolewa kirudishwe. Kazi ilipangwa jioni, wakati nyuki wamepoa. Egidius angeshika tindo, Twaha moshi. Twaha akataka mtu wa tatu wa kupokea masega.

"Nitapokea mimi," akasema Anisia.

"We uso wako utaufunika na nini?"

Aliyejibu swali hilo alikuwa Imelda. Alifika saa hiyo hiyo akiwa na kofia ya majani aliyoizungushia kipande cha chandarua na kukishona vizuri pembeni. Akamkabidhi Anisia bila kumtazama usoni.

"Nisikie kesho wamekutoboa macho, nani atafagia?" akasema, akaenda kusimama mbali, chini ya mikaratusi, na wanawake wengine wa korali.

Walifungulia kutoka nje, juu ya ngazi mbili. Tofali la kwanza liligoma. La pili likalegea, na mvumo ukatoka ndani kama maji yanayochemka. Twaha alipuliza moshi taratibu, akizungumza na nyuki kwa sauti ya chini, mara Kirundi, mara Kiswahili: "Pole, pole, hakuna vita. Tunahama tu." Kila tofali lililotoka lilifunua masega zaidi, manjano, kahawia, mengine meusi kwa uzee, yameshuka moja nyuma ya jingine kama mapazia. Anisia aliyapokea kwenye beseni, moyo umemjaa woga na furaha kiasi kwamba hakuweza kuvitenganisha. Alichomwa mkononi mara kadhaa, hakuangusha kitu. Masega yenye watoto wa nyuki Twaha aliyafunga kwa kamba za mgomba ndani ya mzinga. Mwishowe akashusha pumzi.

"Voilà. Malkia huyu hapa. Angalia anavyotembea, mrefu, kama mke wa gavana."

Malkia alipoingia mzingani, wengine wakaanza kumfuata, mkondo mmoja mrefu, na giza lilipoingia Egidius alikuwa amemaliza kutoa na matofali ya upande wa ndani, na ukuta ulikuwa umenyamaza. Twaha alifuturu pale pale chini ya ngazi, kwa maji na kipande cha sega, vidole vinanata.

Asubuhi Anisia aliwahi kuja kufuta nta iliyodondoka. Alipofungua mlango mkubwa alibaki ameshika kitasa. Pale ambapo miaka yote palikuwa na ukuta, palikuwa na uwazi wa upinde, nadhifu, kingo zake zimejengwa kwa matofali mekundu yale ya zamani, na jua lilikuwa likipita humo, likashuka juu ya altare, likatambaa kwenye sakafu yake mpaka miguuni pake.

"Mama," akasema kwa Kiswahili.

Mzee Elikana aliitwa. Alikuja kwa mkongojo wake, akatazama juu, akapiga paja.

"Ah! Dirisha! Ile mvua ya mawe, kumbe! Ilivunja vioo vyote, mwaka mmoja au miwili baada ya ninyi kukimbia. Padri wa wakati ule akasema tuzibe kwa muda, atafute vioo. Akahamishwa. Sisi tukasahau kwamba ilikuwa kwa muda."

"Kwa nini hukuwahi kuniambia, baba?"

"Kwa nini hukuwahi kuniuliza, mwanangu?"

Anisia akamsimulia basi yote aliyosimuliwa na Kasilda, jua, padri mwenye kichwa kinachowaka, watoto walioamini. Watu walikuwa wamekusanyika mlangoni. Mzee Elikana alimsikiliza akitikisa kichwa, kisha akasema mbele yao wote kwamba anamkumbuka vizuri Kasilda binti Ndabarushimana, msichana mwenye maneno mengi aliyekuwa akibeba matofali mawili ili apate kujisifu.

Padri Gervasi alikuwa bado anakumbuka sharti lake. "Tulikubaliana kurudisha ukuta kama ulivyokuwa," akasema kwa kusitasita.

"Padri," Imelda akamkatiza, "miaka yote hii naimba nikitazama chokaa. Ukilifunga hilo dirisha, korali utaimba mwenyewe."

Halikufungwa. Latifa alitafuta vioo huko mjini, Fredi akakwea kuvipachika, akifanya kazi kwa bidii ya mtu anayetaka watu wasahau petroli. Twaha alirudi Muyinga kusherehekea Idi na watu wake, lakini mzinga aliuacha, kwenye mteremko nyuma ya kanisa, chini ya uangalizi wa Anisia. "Nyuki wa hapa ni wa hapa," alisema. "Mi nitakuwa nakuja kuangalia kama unawatesa." Asubuhi ya Pasaka jua liliingia kwenye saa yake, na padri alipoinua mikono, mtoto mmoja benchi la mbele akasema kwa sauti kwamba padri anaungua. Kanisa zima likacheka, padri naye.

Mwezi wa saba Twaha aliozesha binti yake, Zawadi, na mwaliko ukafika Rukoma. Waliokwenda Muyinga ni Anisia, Egidius na Imelda, ambaye alikuwa hajawahi kufika mbali kupita soko la Gitega, na njia nzima alishika chupa ya asali mapajani kama mtoto mgonjwa. Ilikuwa asali ya kwanza ya mzinga wa kanisa. Walipokelewa uani na wanawake, wakaketishwa kwenye mikeka, wakaletewa pilau na chai ya tangawizi. Imelda hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, na mama wa bibi harusi, mzaliwa wa ng'ambo ya mpaka, hakujua Kirundi, basi Anisia alikaa katikati akitafsiri huku na huku mpaka sauti ikamkauka, na alipochoka, Imelda na mama wa bibi harusi waliendelea kuzungumza bila yeye, kwa mikono.

Twaha akaja na kijiko. Akafungua chupa, akaonja, akafumba macho.

"Iko na mikaratusi ndani," akasema. "Nzuri. Lakini yangu ni tamu zaidi."

"Lete yako tuone," Anisia akamwambia.

Ikaletwa. Chupa mbili zikawekwa kwenye mkeka, vijiko vikazunguka, kila mgeni akatoa hukumu yake, Egidius akaonja mara nyingi kuliko wote na kukataa kuamua. Ubishi ule haukuisha mpaka bibi harusi alipotolewa nje, amefunikwa, ngoma zikaanza, na Anisia akainuka pamoja na wanawake wa Muyinga kwenda kumpigia vigelegele.